Mimba ya Mgongoni

Asubuhi ya Sindeni ilianza kwa safari ya maji. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Wanawake walitoka alfajiri na mitungi na madebe. Kisima kilikuwa mbali, chini bondeni. Walikwenda wakipiga soga, wakarudi wakihema. Kisha walitwanga, wakafagia, wakaenda shamba.

Zamda hakwenda. Zamda alikaa kwenye mkeka, uani kwa mama mkwe wake, miguu ameinyoosha. Mbele yake palikuwa na bakuli la uji wa mahindi wenye asali. Mama mkwe, Bi Swaumu, alisimama karibu ili ahakikishe bakuli linakwisha.

"Kunywa, mwanangu," alisema.

"Nimeshiba, mama."

"Wewe umeshiba. Huyo wa mgongoni je?"

Zamda akanywa.

Sasa nikueleze huyo wa mgongoni ni nani. Zamda aliolewa na Mbwana Mhina, mtoto wa pekee wa Bi Swaumu. Alikuwa msichana mcheshi, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya bonde. Tangu usichana wake, hedhi ilimjia ikipenda. Mara ipo, mara haionekani msimu mzima. Baada ya kuolewa ikakoma kabisa. Watu wakafurahi, wakasema mimba imeingia. Miezi tisa ikapita na Zamda hakuzaa. Hapo wakubwa wakakata shauri. Mimba ipo, walisema, ila imehama. Imekwenda kulala mgongoni.

Usicheke, msomaji. Imani hii ingalipo mahali pengi, hata kwa watu waliosoma. Mwanamke asipoona siku zake, na asipozaa, husemwa kwamba mimba yake iko mgongoni, na itashuka yenyewe ikitaka. Ni maneno matamu. Hayamwiti mtu tasa. Yanampa tumaini, na tumaini hilo linaweza kumla miaka mingi akiwa amekaa tu.

Bi Swaumu aliamini kwa moyo wote. Kwa hiyo alimlea mkwe wake kama yai. Zamda asibebe maji, mtoto asije akadondoka. Asiiname kulima. Asitembee mbali. Ale tu. Asubuhi uji wa asali, mchana bada, yaani ugali wa muhogo, jioni bada tena, na katikati miwa na ndizi. Hata akipiga chafya, Bi Swaumu alikimbia kumshika mgongo.

Mwaka ulipita. Zamda alinenepa sana. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, kana kwamba haikuogeshwa. Aliisugua kwa dodoki mpaka ikauma, na weusi ukabaki palepale. Uso ukajaa chunusi. Kisha kidevuni zikaota nywele ngumu, kwanza chache, halafu nyingi. Zamda aliona aibu. Alizing'oa kwa vidole kabla watu hawajaamka. Bi Swaumu yeye alifurahi.

"Ni mtoto wa kiume," alisema. "Hizo ndevu zake zinatokea kwako."

Kisimani wanawake walikuwa wameanza kuchoka kungoja.

"Mimba gani hiyo?" walisema. "Hata tembo angekwisha kuzaa."

Wengine walisema Zamda amejifanyia ujanja ili ale bila kazi. Maneno hayo yalimfikia, na yalimchoma. Yeye hakudanganya. Alimpenda mtoto yule. Kila alasiri, akiwa peke yake, aliegemea ukuta taratibu ili asimbane, akazungumza naye. Alimweleza habari za mvua. Alimwomba ashuke. Hakuna kitu Zamda alichokitaka duniani kama kumshika mtoto huyo mikononi.

Baada ya mavuno, Mbwana alipakia mahindi kwenye lori akaenda Korogwe. Huko alikuwa na rafiki, Fabiani. Wazazi wa Fabiani walitoka bara kuja kukata mkonge, na yeye alizaliwa kambini. Alifanya kazi korona, yaani kwenye mashine ya kukamua majani ya mkonge. Mkewe, Stefania, alikuwa mkunga. Alisomea kazi hiyo kwa masista wa misheni, na sasa alihudumu katika zahanati ya shamba.

Wakanywa chai. Fabiani akauliza habari za nyumbani.

"Nzuri," alisema Mbwana. "Mke wangu ni mjamzito. Ila mimba imekaa mgongoni, mwaka umepita na zaidi."

Fabiani akamtazama mkewe. Stefania hakucheka. Aliuliza pole pole, kama anayeuliza bei ya vitunguu.

"Shemeji, kabla ya hapo siku zake zilikuja kila mwezi?"

"Mama anasema hapana. Zilikuwa zikiruka."

"Uso wake una chunusi?"

"Anazo."

"Shingo yake imekuwa nyeusi kwa nyuma?"

Mbwana akaweka kikombe chini.

"Na kidevuni," alisema Stefania, "ameota nywele?"

Mbwana hakuwahi kumwambia mtu yeyote habari za kidevu cha mkewe. Alimtazama mwanamke huyu ambaye hajafika Sindeni hata siku moja.

"Nani amekwambia, shemeji?"

"Hakuna aliyeniambia. Ugonjwa ndio unaojitangaza hivyo. Nimewaona wengine wenye dalili hizo hizo. Mlete mkeo Jumanne, daktari anapokuja. Na mama aje pia. Tafadhali usimbishie mama njiani. Waje tu."

Basi wakaja. Bi Swaumu hakutaka, lakini alimpenda Zamda kuliko ubishi wake. Alimfunga mgongo kwa kanga mbili, akazikaza, mtoto asije akatikisika kwenye lori. Walipofika kwenye daraja la mto Pangani alimkumbatia kiunoni kwa mikono miwili, akafumba macho mpaka wakavuka. Watu kwenye lori walitazamana. Zamda alitazama chini.

Zahanati ilikuwa nyumba ndogo nyeupe pembeni ya mkonge. Stefania aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Tumekuletea mzigo. Ushike kwa upole."

"Nitaushika kwa upole, mama."

Na kweli alikuwa mpole. Alimlaza Zamda, akamfungua kanga zile, akampapasa tumbo kwa viganja vilivyooshwa vikapata joto. Alimpima shinikizo la damu. Kisha daktari naye alimpima, Stefania akiwa amesimama hapo hapo. Mkojo wa Zamda ulitiwa katika chupa nyembamba pamoja na dawa ya buluu, ukachemshwa juu ya moto. Zamda aliitazama ile chupa bila kupepesa. Stefania alimwambia kwamba mkojo wenye sukari ungeigeuza dawa iwe kijani, au njano, au nyekundu kama tofali. Dawa ilichemka ikabaki buluu.

"Vizuri sana," alisema Stefania. "Sukari haijaingia kwenye mkojo wako. Tumekuwahi."

"Na mtoto?" aliuliza Bi Swaumu. "Kwa nini hamumgusi mtoto? Yuko huku nyuma."

Stefania alivuta kigoda, akaketi ili macho yake yawe sawa na ya Zamda.

"Zamda, dada yangu. Mji wa mimba uko mbele, chini ya kitovu, umezungukwa na mifupa ya nyonga. Mtoto hukaa humo tu. Hana njia ya kwenda mgongoni. Mgongoni kuna uti, nyama na figo. Mimi na daktari tumeupima mji wako. Ni mdogo kama pera. Ni mzima, lakini hauna mtu."

Huko nje korona ilikuwa ikinguruma.

"Hauna mtu," alisema Zamda.

"Ndiyo, dada."

"Basi mwaka mzima nilikuwa nikizungumza na nani?"

Stefania alimshika mkono, akamwacha alie. Bi Swaumu alisimama dirishani, ameupa chumba mgongo.

Mchana Stefania aliwachukua nyumbani kwake. Hangewaacha warudi Sindeni na maumivu hayo na njaa juu yake. Fabiani alikamata kuku jike, akampa Mbwana kisu.

"Chinja wewe, Mhina," alisema, "ili nyote mle kwa raha."

Mbwana akachinja kwa jina la Mungu. Wanaume wakabaki barazani. Jikoni wakaingia wanawake watatu. Bi Swaumu alimchukua yule kuku bila kuombwa. Alitaka kazi ya kushika. Alimnyonyoa, akampasua, akaanza kutoa vya ndani. Maini, firigisi. Kisha akavuta kile kichala cha viini vya mayai ambayo kuku alikuwa bado hajayataga. Alikuwa akitaka kukitupia sufuriani.

"Ngoja, mama," alisema Stefania. "Kiweke hapa kwenye sahani. Zamda, sogea."

Zamda akasogea, macho yamevimba.

"Umekiona hiki mara ngapi, mama?"

"Tangu nina akili," alisema Bi Swaumu. "Watoto hukigombania."

"Sasa kitazame."

Wakakitazama. Kulikuwa na kiini kimoja kikubwa, cha njano iliyoiva, kilichokaribia kutoka. Pembeni yake kimoja kidogo zaidi. Kisha kingine kidogo tena. Kisha vingine kama punje za mahindi, kama punje za mtama, kama punje za ulezi, vikizidi kupungua mpaka jicho likashindwa kuvihesabu. Kila kimoja kilikuwa kwenye zamu yake.

"Na sisi tunavyo," alisema Stefania.

Bi Swaumu akainua kichwa.

"Kila mwanamke ana mifuko miwili ya mayai, huku na huku, pembeni ya mji wa mimba. Inaitwa ovari. Mayai yetu ni madogo mno, kwa sababu hatumfungii mtoto chakula ndani ya ganda. Yai letu ukiliweka kwenye ncha ya sindano utaliona kwa shida. Kila mwezi mayai kadhaa huanza kukua, kila moja ndani ya kifuko chake cha maji. Moja huwatangulia wenzake. Likiiva, kifuko hupasuka na yai hutoka kuingoja mbegu ya mume. Huku mji wa mimba umeshatandika kitanda cha damu na nyama laini. Mtoto akiingia, analala humo. Asipoingia, kitanda hutanduliwa na kutoka nje. Hiyo ndiyo hedhi."

"Hutanduliwa," alisema Zamda.

"Kila mwezi, ili kitandikwe kipya. Wewe mayai yako huanza kukua vizuri, lakini hakuna linalofika. Yote yanasimama njiani, kama hivi vidogo." Stefania alionyesha zile punje za ulezi. "Vifuko vinabaki vingi pale pale, na ovari inavimba. Daktari amezipapasa zako akazikuta zimekuwa kubwa kidogo. Yai lisipotoka, hapana mtoto. Na kitanda hakipati amri ya kutanduliwa, kwa hiyo hapana hedhi."

"Na hizi nywele?" Zamda alijigusa kidevu. Ilikuwa mara ya kwanza kuzitaja mbele ya mtu.

"Kila mwanamke ana vichocheo kidogo vya kiume mwilini mwake. Hata mimi ninavyo. Katika ugonjwa huu vinazidi. Vinaleta nywele na chunusi, na vinayazuia mayai yasiive. Wewe ni mwanamke kamili, Zamda. Usiruhusu mtu akwambie vingine."

"Nani amenifanyia?"

"Hakuna. Si jini, si jicho la mtu, si dhambi. Mara nyingi hutokea katika ukoo. Labda shangazi yako au dada yako anazo dalili hizo."

Zamda akawaza. Alimkumbuka shangazi yake wa upande wa baba, ambaye alijifunika kidevu kwa ushungi hata kwenye jua kali.

Bi Swaumu alikuwa bado ameinamia sahani. Kisu kilikuwa mkononi mwake, lakini alikuwa amekisahau.

"Mayai haya tunayatengeneza lini?" aliuliza. "Tukivunja ungo?"

"Hapana, mama. Mtoto wa kike huzaliwa nayo yote. Yanakuwa ndani yake hata kabla hajazaliwa, akiwa bado tumboni mwa mama yake."

"Ngoja." Bi Swaumu aliweka kisu chini. "Mimi nilipokuwa tumboni mwa mama yangu, yai la Mbwana lilikuwa ndani yangu?"

"Lilikuwepo, mama."

"Basi mama yangu alimbeba Mbwana."

"Alikubeba wewe, na ndani yako alilibeba yai lake."

Bi Swaumu akakaa chini kabisa, kwenye sakafu ya jiko.

"Mama yangu alikufa sijazaa," alisema. "Miaka yote nasikitika kwamba hakumpata mjukuu wake. Kumbe alitembea naye. Alilima naye. Na mimi nimepasua kuku maisha yangu yote, nikawapa watoto walambe, wala sijajiuliza kitu."

Mimi nimelifundisha somo hili mara nyingi, katika madarasa mengi ya watu wazima, na kila nikifika hapa hulirudia mara mbili. Tunabeba mambo makubwa namna hii, kisha tunayaonea aibu.

Walipokwisha kula, Stefania aliwaambia la kufanya. Hapo ndipo palipokuwa na kazi ngumu, maana yote yalimgeukia Bi Swaumu.

"Zamda atembee," alisema Stefania. "Kila siku. Achote maji, alime, atwange. Mwili wake uchoke kwa kazi. Uji wa asali uachwe. Miwa pia. Bada lipungue liwe la ngumi moja, na mboga ziongezeke. Mchicha, kisamvu, kunde, maharage, samaki akipatikana. Asishinde njaa. Apungue pole pole. Mara nyingi hata kupungua kidogo kunatosha kuyaamsha mayai."

Bi Swaumu akatazama sahani tupu.

"Kwa hiyo chakula changu ndicho kilichomwua mjukuu wangu."

"Hapana, mama. Ugonjwa alikuja nao. Wako wenye ugonjwa huu na ni wembamba kama uzi. Ila kukaa bila kazi na kula wanga mwingi huupa nguvu. Ulimtunza kwa mapenzi. Sasa mapenzi yale yale yampeleke kisimani."

"Na wale wa dawa za kushusha mimba? Yupo mmoja aliniahidi mizizi."

"Hiyo isiingie mdomoni mwake. Imewaharibu wengi figo, na mimba yenyewe ya kushushwa haipo. Zamda, nawe sikiliza. Ukikaa miezi mitatu bila hedhi, na huna mimba, njoo. Kitanda kikitandikwa bila kutanduliwa huwa kinene mno, na baada ya miaka kinaweza kuleta saratani. Sukari nayo huwapenda watu wenye ugonjwa huu. Tutaipima kila mwaka."

"Nitapona?" aliuliza Zamda.

"Ugonjwa huu hauondoki, dada. Unatawaliwa. Njia hii ikishindwa, daktari amesema kuna upasuaji wa ovari Tanga. Tuanze na miguu yako."

Niseme neno hapa. Stefania alifundisha yaliyojulikana wakati ule. Leo tunajua zaidi. Kipo kipimo cha picha kinachozionyesha ovari bila kisu. Vipo vidonge vya kuipanga hedhi, na dawa za kuliivisha yai kwa anayetaka mtoto. Upasuaji wa zamani sasa ni wa nadra. Lakini chakula na mwendo havijapitwa. Bado daktari huanza navyo.

Mbwana naye aliitwa, akaelezwa. Njiani kurudi, Zamda alimwambia kwa sauti ndogo, "Ukitaka kuoa mwingine, sitakulaumu."

"Nimeambiwa mke wangu atembee," alijibu Mbwana. "Sikuambiwa nioe." Akatazama nje ya lori, na mazungumzo hayo hayakurudi tena.

Ilibaki Sindeni. Mji mzima ulikuwa ukingoja mtoto. Zamda aliogopa kesho yake kuliko alivyoogopa daktari. Watasema alidanganya. Alfajiri aliposikia madebe yakigongana njiani, alijifunika shuka.

Bi Swaumu akaingia. Mkononi alikuwa na madebe mawili.

"Amka, mwanangu. Twende."

"Mama, watanicheka."

"Watanicheka mimi. Mimi ndiye niliyesema."

Walishuka bondeni. Wanawake walipomwona Zamda amebeba debe wakanyamaza. Bi Swaumu hakungoja waulize. Alisimama kwenye ukingo wa kisima, mwanamke mzee anayeheshimiwa, ambaye kwa mwaka mzima aliwazuia watu wasimguse mkwe wake.

"Nilikosea," alisema. "Hapakuwa na mtoto. Zamda hakumdanganya mtu. Alikuwa mgonjwa, na mimi nilimfungia ndani. Anayetaka kucheka anicheke sasa, amalize, maana tuna maji ya kuteka."

Mmoja alikohoa. Hakuna aliyecheka. Kisha mwanamke mmoja mnene, aliyeolewa zamani na hana mtoto, aliweka mtungi wake chini akauliza, "Ugonjwa wenyewe ukoje?" Bi Swaumu akamwambia atafute kuku jike, naye atamwonyesha.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Zamda alihema, akapumzika kila mahali penye kivuli. Miguu iliuma. Alizoea kulala mchana, na usingizi ulimwinda shambani. Alitamani asali mpaka akaiota. Bi Swaumu alitembea mbele yake kila siku, na aliporudi alipika mboga tatu badala ya moja. Mara mbili tatu mkono ulimponyoka akaongeza bada, Zamda akalirudisha kwenye chungu.

Kidogo kidogo pumzi ikakaa. Kanga zikaanza kumzunguka vizuri. Sauti yake ikasikika tena ng'ambo ya bonde. Weusi wa shingo ulififia. Nywele za kidevu hazikuisha, na nisikudanganye, mara nyingi haziishi. Zilipungua. Alizinyoa kwa wembe wala hakujificha.

Mvua za vuli zilipokolea, Zamda alikuwa akipalilia mahindi alipohisi maumivu chini ya kitovu. Alikwenda kichakani. Akarudi akikimbia, jembe limebaki huko huko. Alimkuta Bi Swaumu uani.

"Mama," alisema. "Kitanda kimetanduliwa."

Bi Swaumu hakuelewa kwanza. Alipoelewa, alipiga vigelegele vya arusi. Majirani wakaja mbio kuuliza nani ameolewa. Aliwajibu kwamba ni mambo ya nyumbani, warudi makwao. Kisha akaingia ndani akamkunjia Zamda vitambaa safi. Kitu ambacho wanawake hukificha na kukinung'unikia kila mwezi, wao wawili walikipokea kwa machozi ya furaha.

Mwezi uliofuata haikuja. Baadaye ikaja. Ikaruka, ikarudi, mwishowe ikatulia. Zamda alikwenda Korogwe kupimwa, dawa ya buluu ikabaki buluu. Hakuambiwa kwamba lazima atazaa. Stefania hakuahidi asichokuwa nacho. Alimwambia aendelee kutembea.

Ukapita msimu, ukapita mwingine. Hedhi ikakosekana tena. Safari hii Zamda hakumwambia mtu ila mumewe, na hakukaa mkekani. Aliogopa kutumaini. Alichota maji, akalima, mpaka tumbo lenyewe likaanza kusukuma kanga, mbele, chini ya kitovu. Wakapanda lori wakaenda wote kwa Stefania.

Stefania alipapasa kwa muda mrefu. Kisha akachukua chombo cha mti, kifupi, chenye mdomo mpana kama tarumbeta. Aliweka mdomo mpana tumboni kwa Zamda, sikio lake akaliweka upande wa pili. Alisikiliza huku macho yametulia. Halafu akainuka, akamwita Bi Swaumu.

"Mama, weka sikio hapa. Usishike kwa mkono. Tulia tu."

Bi Swaumu akavua ushungi, akainama. Mwanzo hakusikia kitu. Kisha uso wake wote ukabadilika.

"Anakimbia," alinong'ona. "Mbona anakimbia hivi?"

"Ndivyo moyo wa mtoto unavyopiga. Ni mzima."

"Na mimi nisikie?" aliuliza Zamda. Akajaribu kuinuka.

"Huwezi, dada," alisema Stefania. "Sikio lako halifiki."

Zamda akalala tena, akatazama dari. Alikuwa amezungumza mwaka mzima na mtu ambaye hakuwepo. Sasa yupo, na kila mtu chumbani angeweza kumsikia isipokuwa yeye.

Bi Swaumu hakuondoa sikio. Aliunyoosha mkono wake, akautafuta mkono wa mkwe wake, akaufungua kiganja. Kisha, kwa kidole kimoja, akaanza kumgongea kiganjani kila pigo alilolisikia, haraka haraka, bila kuruka hata moja.

Zamda akafumba macho, akahesabu.